Tajiri na Dereva Wake

Saa tano usiku, Salgaa. Injini inapoa
ikitoa vijisauti kama sufuria iliyoepuliwa.
Cheluget, taniboi wangu, amelala juu ya turubai,
mguu mmoja nje, soksi imetoboka kisigino.
Nawasha taa ndogo, nachomoa daftari.

Viazi, Molo hadi Kibuye: elfu ishirini na nane.
Mstari huo huwa nauandika kwa mwandiko mzuri.
Chini yake herufi zinaanza kuinama.

Dizeli, elfu kumi na sita na mia tatu.
Wapakizi, elfu mbili, maana mvua ilinyesha
na gunia lililolowa lina bei yake.
Ushuru wa nilikotoka, ushuru wa nilikokwenda,
na wa katikati, ambako sikupakia wala kupakua,
nilipita tu: elfu mbili na mia nne.
Kijana wa kulinda taa zising'olewe, mia mbili.
Mtu mmoja barabarani, karibu na Chepseon, mia tano.
Nimemwandika "chai",
ingawa sikumwona akinywa kitu.
Odindo, dalali wa Kibuye, amekata elfu tatu:
viazi vimechubuka, alisema,
kana kwamba nimekuja nikiwa nimevikalia.
Cheluget, elfu moja na nusu. Ugali na matumbo, mia sita.

Pale Ahero nilingoja mchele tangu asubuhi.
Mchele ukapanda lori la mwingine.
Nikarudi tupu.
Waliosema debe tupu haliachi kuvuma
hawakuwahi kulinunulia debe dizeli.

Baki: elfu moja na mia tano.
Tarehe tano chama cha akiba na mikopo hunitumia ujumbe,
kwa upole, kwa jina langu kamili, Ezra Simiyu Makokha,
jina ambalo hata mama hulitumia akikasirika tu:
elfu sitini na nane.
Nagawanya. Safari arobaini na tano na kipande.
Nageuza ukurasa, nagawanya tena,
labda penseli ilikosea.

Miaka tisa niliendesha malori ya Barmasai.
Tairi likiota upara nilimpigia simu,
naye akasema, sukuma nalo hadi mwisho wa mwezi.
Nilimwita mchoyo, tena mbele ya watu.
Jioni hii nimelimulika tairi la nyuma, kushoto.
Linang'aa kama kichwa cha mchungaji.
Nimelipiga teke mara mbili, nimezima tochi,
nimesema: sukuma nalo hadi mwisho wa mwezi.

Nakuru, pale Shabab, wananiita tajiri.
Tajiri, springi hii imechoka, asema fundi Kamwaro.
Tajiri, klachi hii ni ya kuombewa.
Kila neno hilo likitamkwa, elfu nne zinaondoka.
Na tajiri huyu ana dereva mmoja,
mtu mvumilivu, haibi dizeli, hachelewi,
hajalipwa mwezi wa kumi na nne sasa.
Angekuwa na tajiri mwingine angekwisha kugoma.
Nikimtazama kwenye kioo anageuza uso.
Au ni mimi ninayegeuza.

Simu inatetemeka juu ya dashibodi. Ni Nekoye.
Malipo ya kwanza ya lori hili yalitoka Chwele,
siku ya soko, ng'ombe wake wawili wa maziwa,
mmoja akiwa na mimba.
Tangu siku ile hajawahi kuniuliza habari za lori.
Ameandika:
Ng'ombe wangu wamefika wapi?

Nafikiria kumwambia habari za mchele,
za tairi, za arobaini na tano na kipande.
Kidole kinangoja juu ya kioo cha simu.
Nje, trela la Malaba linapita likitetemesha madirisha,
na Cheluget anaurudisha mguu ndani bila kuamka.

Wako Salgaa, namjibu. Wamelala.
Mmoja anachechemea kidogo,
mguu wa nyuma, kushoto.